Viti vya Mkutano wa Tumbusi

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo, na Mama umpelekee shikamoo yangu mkononi, sio kwa kumpigia kelele kutoka uani kama kawaida yako. Mguu wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaitumia, au ameiweka kabatini kwa ajili ya wageni? Sisi huku wazima. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na amegoma kabisa kucheka mbele za watu, kwa hiyo nyumba imepoa. Shemeji yako anakusalimu. Anasema vile viatu ulivyosahau hapa anavivaa na havina mpango wa kurudi.

Unaona ninavyotii amri. Tangu siku ile tulipokatiana simu mara mbili kwa sababu ya mabati ya jikoni, na Mama akatupiga marufuku ya simu mpaka tujifunze adabu, nimekuwa nikisubiri wewe mkubwa uanze kuandika. Mama anaamini mtu hawezi kufoka kwa kalamu, kwa sababu hajawahi kusoma barua za ofisi yetu. Basi nimeanza mimi. Barua nampa dereva wa lori la maziwa, na ameahidi haitalowa.

Sasa la maana. Wiki iliyopita nilikuwa huko kwenu. Ndiyo, huko huko, kwenye ukumbi wa chama cha ushirika, mtaa wa pili kutoka kibanda chako cha chanjo za mifugo. Sikupita kuwasalimu. Gari lilikuwa la ofisi na dereva alikuwa na haraka zake. Najua utanuna, ila nuna ukijua kwamba paa la nyumba niliona, na moyo uliniuma.

Tulikuwa na mkutano wa wadau wa tumbusi, wale ndege wetu wa shingo kipara wa kule Jabalini, ambao tukiwa watoto ulikuwa unanitisha kwamba wanakula watoto wasiooga. Wamebaki wachache mno, Kaka. Ukiondoa wale wa Jabalini, sijui kama mpwa wako atawaona akiwa mtu mzima. Kazi yangu ofisini ni kuwashirikisha watu, kwa hiyo nilikusanya wafugaji, wachinjaji, viongozi, wenye mikokoteni na mwalimu mkuu, nikawaeleza kinachowaua: sumu ambayo watu hupaka kwenye mizoga ili kuua fisi, na dawa fulani za mifugo. Tukakubaliana pale pale. Hakuna tena sumu. Mnyama yeyote akifa atapelekwa kwenye uwanja mmoja chini ya Jabali, tumbusi wale nyama safi. Mwenyekiti wa wafugaji, yule mnayemwita Mzee Redio, alisimama akatoa neno kwa niaba ya wenzake wote, na ukumbi ukapiga makofi. Nilikaribia kulia mbele ya bosi wangu.

Ningekualika, ila viti havikutosha. Hata mwalimu mkuu alisimama.

Mdogo wako.


27 Februari

Mheshimiwa Bibi Mkutano,

Marahaba. Barua yako imefika bila kulowa, ila inanuka mtindi. Mama mzima, mguu ni ule ule. Dawa yako ya kuchua iko kabatini, umekisia vizuri, na imefunikwa kitambaa. Mwambie mpwa wangu acheke tu, mjomba wake ana pengo tangu ujanani na bado alipata wa kumuoa. Mke wangu anasema niongeze kwamba alidanganywa. Viatu mwambie shemeji avivae salama, vilikuwa vinanibana.

Habari za mkutano wako nilizipata kabla ya barua. Mchinjaji alikuja kibandani kwangu akiwa bado amevaa kofia mliyowagawia, ile yenye picha ya tumbusi aliyefanana na bata mzinga. Akaniuliza, daktari, mbona hatukukuona? Nikamwambia nilikuwa na kazi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kufunga jeraha la mbuzi, kitu ambacho mbuzi angeniruhusu kuahirisha. Ameniambia alikuwepo mwenye mashine ya kusaga, na mpiga picha ambaye hajawahi kumiliki hata kuku. Mimi ambaye hakuna ng'ombe eneo hili sijamwingizia mkono, nilikuwa mtaa wa pili nikisikia makofi yenu, nikidhani kuna harusi.

Kuhusu viti. Ungeniambia, mdogo wangu, ningekuja na kiti changu.

Mama nilimsomea barua yako yote, isipokuwa pale uliposema uliona paa hukuingia. Hapo nilikohoa. Amefurahi sana na huo uwanja wenu wa mizoga. Sasa kila mtu akipita hapa anamweleza habari za tumbusi kana kwamba amewaumba yeye.

Kuna swali la kikazi nilitaka kukuuliza, kuhusu pale ulipogusia dawa za mifugo. Lakini nimekumbuka mimi si mdau. Nimelikunja nimelitia mfukoni.

Kaka yako, daktari wa ng'ombe.


19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa ukame, nasikia huko hata mbwa wanatembea kwa kuegemea kuta. Sisi tumepata mvua za kuudhi tu, za kulowesha nguo kwenye kamba. Mpwa wako ameanza kucheka, sasa hatulali kwa kelele zake.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye foleni ya benki, nikacheka kwenye bata mzinga, halafu nikafika kwenye kiti nikaacha kucheka. Basi nitakuambia ukweli. Viti havikuwa shida. Mwaka jana binamu yetu alipopata kazi ya udereva hapa ofisini, watu walisema ni mkono wangu, ingawa mimi nilijua siku moja na wao. Bosi akaniita akaniambia macho ya watu yako kwangu. Sasa fikiria mkutano wangu wa kwanza, naita watu, na mbele kabisa amekaa kaka yangu. Wangesema nimejaza ukumbi ndugu zangu. Niliona nikuache nje ili kazi isimame, nikajua wewe utaelewa hata kama utanitania. Wewe ni wangu, wale wengine ndio waliohitaji kubembelezwa.

Swali lako la kikazi naomba ulipitishe kwa mkuu wako, naye alilete ofisini kwetu kwa maandishi. Ndio utaratibu. Nikianza kukujibu kwenye barua za nyumbani yatakuwa yale yale.

Usininunie. Sikiliza jambo zuri. Watu wetu wanaolinda Jabali wamesema kila tundu la mwamba lina tumbusi aliyeatamia mwaka huu, na wapo hadi upande wa nyuma ambako hawajakaa tangu zamani. Uwanja unafanya kazi. Wafugaji wameshika neno lao. Jana nililala kwa raha ambayo sijawahi kuipata tangu nianze kazi hii.

Mdogo wako anayekupenda.


30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa nimenuna, halafu nikawa na kazi, halafu nikasahau nimenunia nini, halafu nikakumbuka.

Mama anakusalimu, mguu umemzidi kidogo, sasa anatembea na fimbo na anaitumia zaidi kunielekezea kazi kuliko kutembelea. Mke wangu mzima. Mvua hatuna. Nyasi ukiziangalia unaona aibu kwa niaba yake. Ng'ombe wanaanguka, na nusu ya siku zangu naitwa kumwangalia mnyama ambaye mwenyewe anajua na mimi najua hatainuka. Naenda kwa ajili ya mwenye mnyama.

Swali lile nimeliacha. Mkuu wangu nilimpelekea, akaniuliza ndugu yako si yuko huko huko ofisini, muulize yeye. Nikaona mnanichezesha mpira.

Uwanja wenu wa mizoga kwa kweli unapendeza, nakiri. Wenye mikokoteni wanashindana nani atafika wa kwanza. Mzee Redio amejipa usimamizi, anakaa pale na redio yake begani, anafukuza mbwa. Na hao ndege, usimwambie mtu, mimi nasimamisha pikipiki kuwaangalia. Wanashuka kwa heshima, mmoja mmoja, wanagombana kidogo kama watu wenye njaa, halafu wanatulia. Makinda wameanza kuchungulia juu ya mwamba. Nimewaona kwa macho yangu, vichwa vyeupe.

Habari mbaya ni Bi Harusi. Ndiyo, ng'ombe wa Mama, yule uliyempa jina hilo kwa kutembea kwake polepole kana kwamba ameshikwa mkono. Amelala siku kadhaa sasa, hasimami, na uzee umeungana na njaa. Mama anakaa naye mchana kutwa akimpepea inzi kwa kanga. Huyu ndiye aliyetunywesha maziwa sisi sote, nami ninamhudumia ili asiumie. Zaidi ya hapo sina.

Nimeacha barua hii wazi na sasa naimalizia. Bi Harusi amekufa leo alfajiri. Wanunuzi wa ngozi walikuja, Mama akawafukuza kwa fimbo. Amesema hachunwi, hazikwi, anakwenda kwenye uwanja wa binti yake, mzima mzima. Amesema watu wote wametoa, na yeye atoe. Niliita mkokoteni tukampeleka. Mama alitaka kufuata hadi pale kwa miguu, nikamkatalia.

Kaka yako.


21 Juni

Kaka,

Shikamoo. Kwa Bi Harusi nimelia, nimelia kweli, nikiwa jikoni, hata shemeji yako akaniuliza nani amefariki. Mwambie Mama pole sana.

Nimekupigia simu juzi na jana, nikivunja marufuku. Iliita mpaka ikakata. Kama umenuna tena, tafadhali acha kwanza, kwa sababu nina jambo.

Tumbusi wamekufa. Si mmoja wala wawili. Vijana wa doria wamewaokota chini ya Jabali, wengine bado wamekaa juu wameinamisha shingo kama watu waliochoka, halafu wanaanguka. Makinda wamebaki kwenye mwamba wakilia, wazazi hawarudi. Nilikwenda na gari la ofisi nikawaona wamepangwa juu ya turubai. Sikupita nyumbani safari hii pia. Sikuwa na uso wa kumwonyesha Mama.

Ofisi inasema ni sumu. Wanasema wafugaji wamevunja neno, kuna mtu amepaka mzoga sumu kwa ajili ya fisi, na Mzee Redio kama msimamizi wa uwanja lazima anamjua na anamficha. Yeye anasema hajui. Polisi wamemweka ndani. Bosi aliniuliza nani alitoa ahadi kwenye mkutano, nikataja jina lake, nikaandika na kutia saini. Nilikuwa na hasira. Nilijiona nimedanganywa na watu niliowapigia makofi. Sampuli zimepelekwa maabara, majibu bado.

Sasa nakuuliza wewe kama ndugu, sio kwa utaratibu wowote. Wewe unaingia kila boma. Nani alikuwa na sumu?

Mdogo wako.


26 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyumbani wote wazima.

Nilikuona kwenye simu. Sikupokea kwa sababu nilijua nitakachokisema, na Mama alikuwa amekaa mlango wa pili. Kwenye karatasi angalau hatanisikia.

Hakuna mwenye sumu. Nimepita kila boma, nimeuliza kwa upole na kwa ukali. Walizitupa zote kwenye choo cha ukumbi siku ile ile ya mkutano wako, walishuhudiana. Mzee Redio amelala ndani kwa jambo asilolijua.

Sasa naleta lile swali nililolikunja. Ninayo dawa ya kutuliza maumivu ya ng'ombe, ya chupa ya kahawia, ni ya siku zote, haijakatazwa huku na wala sijaitumia kwa siri. Ng'ombe wa watu namchoma mara moja, akiinuka ameinuka. Wale wanaokaribia kufa siwachomi, mwenye mali hakubali kumtibu anayekufa. Bi Harusi nilimchoma kila siku, asubuhi na jioni, mpaka siku ya mwisho, kwa sababu alikuwa akigumia kwa maumivu na Mama alikuwa akinitazama. Nilimchoma kwa sababu ni wetu. Halafu akaliwa.

Ulipoandika Februari kuhusu dawa fulani za mifugo, nilitaka kukuuliza, ni ipi? Neno moja tu. Sikuuliza kwa sababu sikupewa kiti. Mtu mzima na ndevu zangu.

Nijibu upesi. Dereva wa lori nimemwomba asubiri majibu mlangoni kwako.

Kaka yako.


27 Juni

Kaka,

Dereva amekaa hapa anakunywa chai, nami naandika juu ya meza ya kulia bila hata salamu. Nisamehe.

Ndiyo ni hiyo. Ng'ombe haimdhuru, mtu haimdhuru, lakini tumbusi akila nyama yenye dawa hiyo figo zinakufa, naye anakaa ameinamisha shingo mpaka anaanguka. Mzoga mmoja unatosha. Nililijua hili kabla sijapanda gari la kuja mkutanoni. Nililisema, Kaka. Nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikaitaja dawa yenyewe, nikawaambia mnyama aliyechomwa hiyo msimlete uwanjani, mzikeni. Wakaitikia ndiyo, wakapiga makofi. Leo ndio naelewa walichokuwa wanaitikia. Hakuna hata mmoja mle ndani anayejua ndani ya sindano kuna nini. Wao wanamshika ng'ombe pembe, anayechoma ni wewe. Niliwaambia watu wote isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anahusika, na huyo nilimwacha nje makusudi, ili watu waseme kazi yangu ni safi.

Uliniandikia unamhudumia Bi Harusi ili asiumie. Nilisoma nikamlilia ng'ombe. Sikujiuliza kwa kitu gani. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya, kujiuliza hivyo.

Usijibebeshe. Mimi ndiye niliyekuambia swali lipite kwa mkuu wako.

Naingia ofisini sasa hivi kusema.

Mdogo wako.


12 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo wewe na Mama. Mpwa wako ameota jino moja, limekuja upande, tunamwambia ni zuri.

Nilisema. Maabara nayo ikaleta yale yale. Bosi alinisikiliza akiwa anapanga kalamu zake, halafu akaniuliza kama kuna haja ya wafadhili kujua kwamba ng'ombe alikuwa wa mama yangu. Nikamjibu nimeshaandika hivyo kwenye taarifa. Sasa nimehamishiwa stoo. Ninapokea mabuti na mahema ya doria na kuyapanga kwenye rafu. Stoo haina dirisha, ila hakuna anayepiga makofi, nami kwa sasa nashukuru kwa hilo.

Mzee Redio walimtoa siku nilipowapelekea barua ya kufuta maneno yangu. Nilikwenda kituoni kumpokea. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, nikampa mkono, akautazama, akapita. Redio yake walimrudishia bila betri. Aliibeba hivyo hivyo begani.

Waliobaki Jabalini ni wachache kiasi kwamba vijana wa doria wanawatambua kwa sura. Kinda mmoja tu ndiye bado ana wazazi wote wawili.

Kuhusu Mama sijui tufanye nini. Kila nikifikiria aambiwe, namwona akimpepea Bi Harusi inzi. Kila nikifikiria asiambiwe, naona tunamwacha nje ya mlango kama nilivyokuacha wewe. Amua wewe uliye karibu naye. Najua ninakutwisha, nami sina haki hiyo.

Ningekuwa na uwezo wa kurudisha siku moja tu, ningemwambia dereva asimame mtaa wa pili.

Mdogo wako.


14 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa stoo. Utaizoea, na mabuti hayana majungu. Huku mvua imenyesha mara moja, kwa fujo, ikasomba choo cha jirani. Mke wangu anakusalimu, na anasema jino la upande ni la ukoo wetu, asilaumiwe mtoto.

Nimefanya mambo mawili ambayo ningepaswa kuyafanya zamani. Chupa zote za kahawia nimezitoa kibandani, nimeagiza dawa nyingine ambayo mkuu wangu anasema haina madhara kwa ndege. Iko, siku zote ilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. La pili, niliwaomba wafugaji tukutane pale pale ukumbini. Nikasimama nikawaambia ni mimi, na ni ng'ombe wa nyumbani kwetu, na dada yangu aliwasema bure. Viti vilikuwa vingi, wengi hawakuja.

Nilidhani watanitukana. Hakuna aliyenitukana. Mwishoni Mzee Redio akasema, "Daktari, mimi sikufungwa kwa sumu. Nilifungwa kwa kutoa neno. Sasa sina lingine la kuwapa." Akaondoka, na wengine wakamfuata. Sina cha kuwalaumu.

Uwanja uko mtupu. Watu wamerudi kuzika mizoga yao au kuiacha ilipoangukia, na sijui mbele ya safari wataipaka nini. Kila asubuhi ninapopita, kuna tumbusi mmoja anakuja kukaa chini pale katikati, anangoja, halafu anaondoka. Nimeanza kununua makombo machinjioni, mnyama ambaye najua mwenyewe hajachomwa kitu, nampelekea. Mchinjaji anadhani nimefuga mbwa. Siwezi kulisha Jabali zima, hilo najua.

Sasa Mama. Nilijiapiza nitamwambia. Jumapili nilikaa naye uani, nikaanza, Mama, kuhusu Bi Harusi. Akanikatiza. Akaniuliza, "Walimla?" Nikasema walimla. Akauliza walimla wote, au walimbagua kwa uzee wake? Nikasema walimla wote, hawakubakiza kitu. Akacheka, nawe unajua jinsi asivyocheka tangu mguu umzidi. Hapo nilikwama, mdogo wangu. Sikuendelea. Kama nimekosea, njoo umwambie wewe, mimi nitakaa pembeni yako. Njoo kwa basi, sio kwa gari la ofisi.

Alipoona nakuandikia leo amenituma neno, akasema niliandike kama lilivyo, nisipunguze kwa kukohoa. Amesema umwambie bosi wako mkutano mwingine wa tumbusi asimsahau, maana na yeye ametoa chake. Na kama viti havitoshi msihangaike, atakuja na kiti chake.

Kiti chenyewe amekitoa nje, ninakiona kutoka hapa nilipo. Amekifuta vumbi.

Kaka yako.